Aliye Chini ya Jiwe la Kitayama

Okabara, nchi ya Musashi
Mwaka wa pili wa Bunji, mwezi wa tatu, siku ya tano

Kwa Bibi Mtawa Myoren, Kitayama, nje ya Mji Mkuu

Basi ndiyo, ni mimi. Huyo aliyekwambia kichwa cha mumeo kilioshwa na kibibi mmoja wa mashariki, kiguu chake kibovu, mdomo haufungiki, hakukosea. Kiguu ni hiki hapa kinaniuma tangu jana, na mdomo utausikia mwenyewe.

Kusoma sijui, kuandika sijui. Anayeandika ni mtawa Kakuen wa hekalu letu la hapa, na nimemwambia aandike kila kinachonitoka, asinipambie. Ananikunjia uso. Andika na hilo, Kakuen.

Mimi ni Ushime, yaya wa Bwana Shigetaka. Mama yake mzazi alikuwa mgonjwa, maziwa hayatoki, nikaitwa mimi. Kwa hiyo nilikwenda naye Mji Mkuu miaka miwili iliyopita, wakati wa ile vita ya ufukweni. Watu walisema, kikongwe anafuata nini huko? Lakini mimi Mji Mkuu naujua. Zamani nilikaa miaka mitatu na baba yake, walipokuwa wanapelekwa kulinda malango ya wakubwa. Ulikuwa hujazaliwa, pengine. Watu wa mashariki walichuchumaa nje kwenye theluji, na mabwana wa Heike wakipita kwenye magari yao ya ng'ombe wanajifunika pua. "Mbwa wa mashariki hao, wananuka." Nilisikia kwa masikio yangu. Sasa angalia. Bendera zao nyekundu ziko chini ya bahari, zetu nyeupe ziko kila kilima, na mkuu wetu, Bwana wa Kamakura, akikohoa kule kwake, huku magharibi watu wanashika kifua. Bwana wangu Shigetaka amepewa usimamizi wa mashamba matatu kwa sababu ya, eh, kwa sababu ya kichwa hicho. Samahani, bibi. Nimesema vibaya. Kakuen, futa. Anasema wino haufutiki.

Umeniuliza kilikuwaje. Kilikuwa kizuri. Meno meusi ti, yanang'aa, kama wanavyoyapaka mabwana wa huko kwenu. Nilikiosha kwa maji ya uvuguvugu, nikachana nywele, nikapaka poda. Uso wake ulikuwa umetulia. Hakuumia sana, naamini.

Na mimi nakuuliza moja. Nimesikia walikupa hicho kichwa walipokishusha langoni, ukakizika mwenyewe nyuma ya kibanda chako. Unamsomea? Unamtaja kwa jina unapomsomea, au unasema tu "marehemu"? Na maji unamwekea? Ukipata njugu za mlimani, zile za msituni zenye gamba la miiba, choma mbili tatu umwekee. Anapenda.

Basi hapo.

Ushime

*

Kitayama
Mwezi wa nne, siku ya pili

Kwa Bi Ushime, Okabara

Barua yako ililetwa na mtembeza makaa, inanuka moshi na imelowa pembeni, lakini nimeisoma yote. Nimeisoma mara mbili. Ahsante kwa maji ya uvuguvugu. Nilikuwa nikidhani walimwosha mtoni.

Ndiyo, kichwa kiko nyuma ya kibanda changu, chini ya jiwe dogo lililochongwa jina lake, Nariyuki. Kila asubuhi namwagia jiwe maji, nalifuta moshi na kinyesi cha ndege. Namsomea kwa jina. Hapa juu kuna baridi mpaka mwezi wa nne, na majirani zangu ni wakata kuni wawili na nyani wengi. Nilinyoa kichwa mwezi ule ule. Nilikuwa na miaka ishirini na sita.

Nisamehe nikikusumbua tena. Nina maswali ya mke, na mke hachoki. Je, uliliona lile jino la mbele, upande wa kushoto, lililomeguka alipong'ata kokwa? Na nywele zake, zilikuwa bado na harufu ya udi?

Na jambo moja sikulielewa. Mume wangu hakuwahi kula njugu za mlimani. Zilikuwa zikimvuruga tumbo. Kwa nini ulisema anapenda?

Mtawa Myoren

*

Okabara
Mwezi wa tano, siku ya kwanza

Kwa Bibi Mtawa Myoren

Hizo njugu nilisema tu, bibi. Wafu wote wanapenda njugu. Huku kwetu tunawawekea wote, aliyezipenda na asiyezipenda, maana tumbo la kuvurugika hana tena.

Jino nililiona. Ndiyo, la kushoto, limemeguka hivi, kidogo tu. Nikasema moyoni, maskini, huyu alikuwa mtundu. Na udi ulikuwepo, kidogo, nyuma ya sikio. Nilinusa. Basi ujue hivyo, utulie.

Leo tumepanda mpunga. Wasichana wanaimba mistari ya aibu mpaka Kakuen ameziba masikio, kisha nikamwona anaachia kidole kimoja. Usikane, Kakuen, nilikuona.

Hapa nyumbani ni heka heka. Dada yake bwana, Chizuru, ametimiza miaka kumi na tatu na amechumbiwa na nyumba kubwa ya karibu na Kamakura kabisa. Tena wao ndio walioleta barua! Zamani nyumba ile wangetutumia mbwa wao aje atukojolee langoni. Ndiyo maana vuli hii Chizuru atapakwa meno meusi kwa mara ya kwanza, kama binti anayeolewa, na wananitaka mimi. Shigetaka amesema, "Mama Ushi, nchi hii yote hakuna mkono kama wako." Nimemwambia mkono unatetemeka. Akaniangalia. Nikamwangalia. Akaondoka kwenda kutazama farasi aliokuwa ametoka kuwatazama muda huo huo.

Mkono wangu hautetemeki, bibi. Kakuen anaona. Jana nimetia uzi kwenye sindano mara moja tu.

Nilikuwa na mtoto na mimi. Sijakwambia. Yaya hapati maziwa bila kuzaa, au siyo? Nilizika watatu kabla yake, yeye akabaki, na Shigetaka alipoletwa nikawaweka mmoja huku mmoja kule. Ziwa la kulia la bwana, la kushoto la wangu. Wa kwangu alikuwa anasubiri. Huamini? Mtoto wa miezi miwili, anasubiri mwenzake ashibe. Mimi ndiye niliyemzoesha hivyo. Shigetaka akilia, nilimchomoa wangu hata kama ndiyo kwanza anaanza.

Alikwenda na Shigetaka kwenye vita ile ya ufukweni, akabaki hukohuko. Wengi walibaki hukohuko.

Mvua inaanza, nguo ziko nje.

Ushime

*

Kitayama
Mwezi wa sita, siku ya tatu

Kwa Bi Ushime

Mume wangu hakuwahi kumeguka jino. Meno yake yalikuwa mazima, tena alikuwa akijivuna nayo. Na udi alikuwa hawezi kuuvumilia, ulikuwa ukimwumiza kichwa. Nyumba yetu nzima ilijua.

Nilikutega, mama. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyo. Nilitaka kujua kama kweli ulimtazama huyo uliyemwosha, nawe ukanijibu kwamba uliliona jino lisilokuwepo na ukanusa udi usiokuwepo.

Sina hasira. Ningekuwa na hasira ningemwandikia mtu mwingine, na mtu huyo yuko Kamakura. Nakuandikia wewe. Niambie ni nani ninayemwoshea jiwe kila asubuhi. Ninayo sababu ya kuuliza, na sababu hiyo siwezi kuiweka kwenye karatasi.

Sikusahau kwamba ulisema, "Anapenda." Hukusema, "Alipenda."

Myoren

*

Okabara
Mwezi wa saba, siku ya kumi na nne

Kwa Bibi Myoren

Kesho ni siku ya wafu. Tangu jana watu wanawasha mioto midogo mlangoni ili wao waone njia ya kurudi nyumbani. Mimi nimewasha wangu, nimekaa karibu nao mpaka kiguu kimekufa ganzi, na nikajiuliza, anakuja hapa vipi? Anajua njia, lakini nani kamwita? Hapa kwetu kaandikwa "hakuonekana". Huko kwako anaitwa Nariyuki. Mtoto anasimama katikati ya barabara, huku haitwi, kule anaitwa kwa jina la mtu.

Barua yako nimekaa nayo siku nane. Kakuen alinisomea. Nimemwapisha mbele ya Buddha wake, na nimemwambia nikimsikia anapiga domo nitamfuata kwenye maisha yajayo nikiwa kiroboto. Anaandika, na amekwisha angusha wino mara mbili.

Huyo unayemwoshea jiwe ni mwanangu.

Ngoja nikwambie yalivyokuwa, maana ukiyasikia nusu utamlaumu Shigetaka.

Siku ile ya ufukweni walishuka gengeni na farasi. Farasi wa Shigetaka akavunjika mguu, wakaangukia mchangani wote wawili, na mwanangu akashuka wa kwake ampe. Ndicho alichozoea, kusubiri. Alipokuwa anamshikia hatamu ukaja mshale, shingoni, hapa. Shigetaka alimkata kichwa mwenyewe. Usiogope, kwetu ndivyo mtu anavyomfanyia mwenzake, kwa sababu ukimwacha atakatwa na adui, atachezewa. Alikifunga kwenye koti lake akakibeba siku mbili mpaka kule Mji Mkuu tulikopanga. Ilikuwa alasiri, nachagua kunde. Akapiga magoti barazani, akaniwekea mapajani.

"Mama Ushi, nimekuletea."

Na mimi nilijua kabla sijafungua, kwa uzito. Kichwa cha mtoto wako unakijua kwa uzito, umekibeba.

Sasa ile nyumba tulikaa pamoja na watu wa Hironaga, jirani yetu wa huku, mtu wa kelele. Akapita uani na vichwa viwili vinaning'inia kwenye tandiko, akamwona Shigetaka analia. Hakujua. Akasema, "Vipi, Shigetaka! Wenzio wamekwenda vitani, wewe ulikwenda kuokota makombe ya ufukweni?" Watu wake wakacheka. Mmoja akasema, "Mwache, anamwonyesha mama yake magoti yalivyochubuka."

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kupanga vichwa mbele ya maofisa. Mwenye kichwa chenye jina anaandikwa, anapata ardhi. Asiye nacho anarudi kwenye shayiri yake. Na nyumba yetu, bibi, ilikuwa na kashamba kamoja na paa linalovuja. Baba yake Shigetaka alikufa amechuchumaa langoni kwa watu. Mimi miaka yote nilikuwa nasema, huyu bwana niliyemnyonyesha, huyu atakuja kukaa ndani.

Ningependa kusema Shigetaka aliniamuru. Ningependa sana. Mwaka mzima nilijaribu kukumbuka hivyo. Hakuniamuru. Alikuwa amelala kifudifudi anauma mkeka.

Mimi ndiye niliyesema, "Amka. Niletee kile chungu changu cha chuma."

Unajua chungu hicho kilivyo. Chuma chakavu unakichoma mpaka kiwe chekundu, unakitumbukiza kwenye siki na maji ya wali yaliyochacha, unaacha, kinanuka mpaka paka anahama. Nilijifunza nilipokaa huko Mji Mkuu mara ya kwanza, kwa mjakazi wa nyumba moja kubwa. Watu wetu wanaume hawapaki meno, ni wa kwenu tu. Kila mtu anajua. Ukikuta kichwa cha mwanamume chenye meno meusi, humwulizi ukoo.

Shigetaka akaniangalia, akaelewa. Akasema, "Mama, usifanye." Mara moja tu alisema. Nikamwambia, "Kimekwisha kufa. Wewe hujafa." Akaenda akakileta.

Meno ya maiti hayashiki upesi. Lazima uyakaushe kwanza kwa kitambaa, uinue mdomo kwa kidole, upake, ungoje, upake tena, kisha unga mweusi juu yake. Nilipaka mara saba. Mkono haukutetemeka. Nikamnyoa nyusi, nikamtia poda. Kila nilipomaliza kitu nilikuwa namwambia, tulia, bado kidogo, kama nilivyokuwa namwambia nikimchana chawa. Alikuwa na sura nzuri mwanangu, hata kabla ya poda. Nilipomaliza hakuwa wangu. Alikuwa bwana mmoja tu, wa Heike.

Maofisa walimpa jina kwa kubahatisha. Mumeo alionekana ufukweni siku ile, na alikuwa bado hajapatikana, umri ule ule. Nilisimama nje ya ua pamoja na watumishi, nikaona kwenye upenyo. Wakamleta mtunza farasi mmoja mzee wa nyumba yenu, mateka, atambue. Nikasema basi, tumekwisha. Yule mzee akakitazama kichwa, akakitazama sana, kisha akaanguka chini. "Ni yeye. Bwana wangu ni huyu." Akalia mpaka kamasi. Nikadhani macho yake yameharibika, au anaogopa kupigwa. Wakafunga kibao kwenye nywele, wakaandika Nariyuki.

Siku saba alining'inia langoni. Nilipita kila siku na kikapu, kama ninayekwenda sokoni. Mtu mmoja alimtemea mate. Nikahamishia kikapu mkono wa pili, nikapita.

Kichwa cha kweli cha mumeo sijui kiko wapi, bibi. Umemlilia mtu mwingine miaka miwili, ukanyoa nywele kwa sababu yangu. Kama utapeleka barua hii Kamakura, Shigetaka atakufa na Chizuru hataolewa na mtu. Kama hutaipeleka, sijui kwa nini. Mimi sina cha kukupa. Nakuomba kitu kimoja tu na nimekwisha kukuomba tangu barua ya kwanza, sema hukunisikia. Umwite kwa jina lake.

Jina siliweki humu. Ukinijibu ndiyo, nitakutajia.

Ushime

*

Kitayama
Mwezi wa nane, siku ya ishirini

Kwa Mama Ushime

Ukisha kusomewa barua hii, ichome.

Mzee Tosuke, yule mtunza farasi, macho yake yalikuwa mazima. Aliniletea kichwa mwenyewe walipomwachia, akakaa hapa mpaka alipokufa mwaka jana, na hakuniambia kitu. Alimtunzia mume wangu farasi tangu mume wangu hajajua kupanda. Nadhani alipouona uso asioujua umeandaliwa kwa jina la bwana wake, aliona mlango mtu ameuacha wazi. Akausukuma.

Mama, tangu baridi iliyopita ninapika uji wa watu wawili. Zaidi ya hapo sitaandika.

Sasa unajua kwa nini nilikuandikia. Sikukuandikia kwa huzuni, nilikuandikia kwa hofu. Nilitaka kujua kama kuna mtu huko mashariki anayejua kwamba kichwa kile hakikuwa chake. Nilijifanya mjane, nikakuuliza habari za udi, nawe ukanitafutia faraja kwa umaskini wako. Kwa hiyo mimi pia nilikudanganya. Na kuna lingine baya zaidi. Siku ile mlango ulipogongwa nikamwona, nilicheka kama kichaa, na siku nzima sikumkumbuka yule wa nyuma ya kibanda. Wala jiwe sikulimwagia maji. Nilijua tayari kwamba si yeye, kwa hiyo nikaona si mtu.

Wewe na mimi sasa kila mmoja ameshika shingo ya mwenzake. Usiseme kitu kwa yeyote. Wanawinda watu wa Heike mpaka wazee, mpaka watoto. Kichwa hicho kikiendelea kuwa Nariyuki, hakuna anayemtafuta Nariyuki. Uongo wako umemwokoa mtu, mama. Labda hilo likupunguzie.

Jiwe siwezi kulibadilisha. Wakata kuni wanalisoma, na maofisa hupita. Jina litabaki hilo hilo nje. Lakini maombi hayasikiki zaidi ya mdomo wangu. Tutakuwa wawili wa kumwita. Yule anayekula uji wangu ameniambia mwenyewe, "Uliza anaitwa nani. Mimi ninaishi ndani ya jina langu, yeye amelala ndani yake. Nataka kumjua."

Nipe jina lake.

Myoren

*

Okabara
Mwezi wa tisa, siku ya ishirini na moja

Kwa Bibi Myoren

Umesema nichome. Nitaichoma kesho. Nataka Kakuen anisomee mara moja tena ile mistari ya mwisho.

Nimefurahi kwa ajili ya uji wako. Kweli. Mpikie na mboga za majani, wanaume waliojificha milimani wanarudi tumbo limekauka. Lakini hilo ulilonipa, kwamba nimemwokoa mtu, nakurudishia. Sikumwokoa mtu mimi. Nilikuwa sijui hata kama mumeo yupo. Siku ile nilikuwa nafikiria mashamba, na paa lisivuje, na Hironaga afunge mdomo. Kama kuna mtu alitoka salama ni Tosuke wenu aliyefanya na ni mwanangu aliyebeba. Mimi niweke pembeni. Nikichukua na hilo nitaanza kulala vizuri, na sitaki kulala vizuri.

Mimi na Shigetaka hatujawahi kulizungumza. Miaka miwili na nusu. Ana watu arobaini chini yake, akipita wanainama, na kila mwezi tarehe saba, tarehe aliyokufa mwanangu, anakuja jikoni kwangu, anakaa kwenye kigogo, anakula njugu mbili, ya tatu anaiacha. Mimi naifagia. Juzi nilimwambia, "Nitampaka Chizuru meno." Akasema, "Si mkono unatetemeka?" Nikasema, "Umepona." Akasema, "Mama Ushi, kama hutaki, nitatafuta mwingine." Nikamwambia, "Nani? Yule mke wa Hironaga? Atamfanya kama nguruwe aliyekula matope." Akacheka, kisha akafunika uso.

Nimekubali kwa sababu mkono huu ukipaka meno ya maiti tu ukaishia hapo, utakuwa ni mkono wa hiyo kazi. Na mtoto Chizuru hana kosa. Anaogopa itauma. Nimemwambia haiumi, inanuka tu.

Wanamtayarisha leo. Nasikia wanasogeza mikeka. Na mimi nimekimbilia huku hekaluni kwa Kakuen kwanza, nimekuja na kitambaa kichwani sijakifunga, kwa sababu nikiingia kule kabla ya hii sitaweza.

Kwa hiyo sikiliza. Alipenda njugu, nimekwisha sema. Sikio la kulia lilikuwa na kovu, aliumwa na bata. Akiulizwa nani kamwuma alikuwa anasema ni dubu. Hakuimba vizuri. Alikuwa akiogopa ngurumo mpaka amekua na ndevu, na Shigetaka peke yake ndiye aliyejua, akawa anakwenda kukaa karibu naye anajifanya anatafuta upinde. Meno yake yalikuwa meupe, bibi. Hakuna kumeguka. Meupe, yamepangana, na la chini moja limepinda kama linachungulia. Ukimwita, mwite taratibu, si kwa sauti ya hekalu. Ukiita mara moja haji. Ita, ngoja, kisha ita tena, atakuwa anasubiri mwenzake apite kwanza. Mwambie siku hizi hakuna wa mbele yake.

Anaitwa Ma...

Nani huyo? Shigetaka mwenyewe? Yuko nje, hata viatu hajavaa vizuri. "Mama Ushi! Wageni wa Kamakura wamefika langoni, na Chizuru amekaa mdomo wazi tangu asubuhi, nzi wameanza kuhamia! Chuma kinapoa!"

Kinapoa kipashe! Naja!

Matagoro. Andika, Kakuen. Matagoro. Umeandika? Nionyeshe. Hii yote ndiyo yeye? Ndogo hivi. Haya, rudia uandike tena chini yake, kubwa zaidi.

Matagoro

"Mama!"

Nimesikia, mwanangu. Naja.